Anayetaka kuzunguka na kuonja pombe Kanda ya Ziwa aanze na kalenda ya minada

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nitoe neno kwa wapenzi wa bia wa hapa Mwanza wanaotamani kuiga mtindo wa Marekani: mtu anachagua jimbo moja, kisha anajiwekea nadhiri ya kukanyaga kila kiwanda cha bia kilichomo. Nia yao sina ugomvi nayo. Orodha yao ndiyo imekosewa.

Kule mtindo huo una sababu. Mwishoni mwa miaka ya 1970 viwanda vya bia vya Marekani nzima havikufika 100. Oktoba 1978 Rais Jimmy Carter alisaini sheria iliyoruhusu mtu kutengeneza bia nyumbani kwa matumizi yake mwenyewe, na baadhi ya waliojifunzia jikoni ndio waliokuja kufungua viwanda vidogo. Leo viwanda vimepita 9,000. Jimbo la Vermont, ambalo watu wake hawafiki laki saba, lina viwanda kwa makumi, na vingi vina baa hapo hapo penye matangi. Mgeni huletewa vibilauri vidogo vinne vya aina nne tofauti, anaonja, anagongewa mhuri kwenye kijitabu chake, anaondoka kwenda kiwanda kinachofuata. Vingine vinafungwa na vingine vinafunguliwa kabla hajamaliza, na nadhani hiyo ndiyo raha yenyewe.

Sasa leta hesabu hiyo huku. Ukizunguka Ziwa Victoria lote, nchi zote tatu, viwanda vikubwa vya bia unavimaliza kwa vidole vya mkono mmoja: Mwanza viwili, cha TBL na cha Serengeti, Kisumu kimoja, kilichofunguliwa upya mwaka 2019 kwa ajili ya Senator, bia ya mtama, Port Bell pale Luzira, Kampala, na Njeru, ng'ambo ya Jinja. Na ukishafika utaonja nini? Bia ya chupa imechujwa, ikapashwa joto la nyuzi 60 kwa dakika zipatazo 20, hamira ikafa. Imetengenezwa makusudi ili isibadilike njiani. Balimi ya Mwanza na Balimi ya Ngara ni ile ile, kwa hiyo kuifuata kiwandani ni kwenda kutazama matangi ya chuma.

Pombe ya kienyeji iko kinyume kabisa. Inanyweka ikiwa hai, hamira ikiendelea kula sukari na bakteria wa uchachu wakifanya kazi pembeni. Ina saa zake: asubuhi ni tamu mno, jioni imekaa sawa, keshokutwa ni siki. Haiwezi kukufuata mjini, hivyo wewe ndiye wa kuifuata, na hapo safari ya kuzunguka inapata maana ambayo kwenye viwanda vitano haina. Ila ukiifuata kwa orodha ya vilabu peke yake utakuta mapipa matupu. Fuata kalenda.

Chukua pombe ya mtama ya Usukumani. Mara nyingi mama mpishi analenga mnada, kwa kuwa siku hiyo ndiyo watu wana fedha mkononi. Mnada ukiwa Jumamosi, basi mtama wa kimea uliloweshwa Alhamisi ya wiki iliyotangulia. Ijumaa ukachujwa maji na kutandazwa juu ya magunia uchipue, siku tatu. Jumatatu ukaanikwa, Jumatano ukasagwa, Alhamisi uji ukapikwa, na siku mbili za kuumuka zinaangukia Jumamosi. Kwa hiyo anayefika Jumanne na kulalamika kwamba kijiji hakina pombe, kosa ni lake. Uliza kwanza mnada ni lini, halafu panga safari ukirudi nyuma. Kufika Alhamisi nako kuna faida: huonji, lakini unaona pombe ikipikwa, na mpishi huyo huyo utamkuta mnadani.

Kwenye kimea ndiko mambo mengi yanakoharibika. Mbegu zikirundikwa nene zinajipasha joto zenyewe, kisha zinaota ukungu. Unene wa vidole vitatu unatosha, zigeuzwe asubuhi na jioni na kunyunyiziwa maji. Kimea chenye vidoa vya kijani au vyeusi kinafaa kutupwa, maana ukungu unaweza kuleta sumukuvu, na sumukuvu haiondoki kwa kuchemshwa. Baada ya kukauka, mizizi na vichipukizi hupukutwa kwa viganja na kupepetwa. Wengi hudhani hiyo ni kupendezesha tu. Vichipukizi vya mtama vina kemikali inayozaa sianidi, na wazee waliopukuta bila kujua jina lake walikuwa na haki.

Halafu joto. Kimea kina vimeng'enya vinavyogeuza wanga kuwa sukari, na vinafanya kazi vizuri kwenye nyuzi 60 hadi 65 hivi. Ukikimwaga ndani ya uji unaochemka, vinakufa papo hapo. Bila kipimajoto, mahali hapa pana njia rahisi. Ziwa liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo huku maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, si 100. Pika uji wa lita 12 kwa kilo tatu za unga wa mtama, na ukiwa bado unachemka changanya lita 9 za maji ya kawaida ya mtungini, yenye nyuzi 24 hivi. Mchanganyiko unatua karibu na 65. Sasa tia kilo moja ya kimea, koroga, funika kwa magunia saa moja hadi mbili. Uji uliokuwa mzito unalegea na kuwa mtamu bila sukari, na hiyo ndiyo dalili kwamba kimea kimefanya kazi. Ukichovya kidole na kikastahimili humo bila shida, umechelewa. Joto limeshashuka chini ya 50.

Chachu, yaani kata moja ya pombe ya zamani, hungoja mpaka pipa lipoe kufikia vuguvugu la mwili. Ikitiwa mapema hamira inaungua, pipa linakaa kimya, na bakteria wanalichukua: unapata kitu kichachu kisicho na nguvu. Hapo ndipo sukari ya dukani inapoingia kuficha aibu. Mwonjaji ajifunze kuitambua. Pombe nzito inayonata mdomoni lakini haina kilevi ni ya kimea kilichoungua. Nyepesi kama maji, kali, yenye utamu mweupe usio na harufu ya nafaka, hiyo ni sukari na hamira ya mkate. Inalewesha, lakini haistahili mhuri kwenye kijitabu cha mtu makini.

Ukivuka kwenda Kagera, kanuni zinabadilika kwa sababu malighafi ni ndizi. Rubisi, yaani pombe ya ndizi, haina kimea cha kuhangaikia. Sukari iko ndani ya ndizi, kazi ni kuitoa. Ndizi za pombe, embire na jamaa zake, si zile za kupika. Zikiwa mbichi zina utomvu mkali na wanga, na huivishwa kwenye shimo lililotandikwa majani ya mgomba au juu ya moshi wa jiko kwa siku nne mpaka sita. Siku hizo ndizo zinazoamua. Zikikamuliwa mapema, juisi ni kidogo na inakwaruza ulimi. Zikichelewa, zinakuwa rojo: zinateleza, hazikamuki, na juisi haitengani na nyama ya ndizi.

Baada ya kumenywa zinatiwa kwenye mtumbwi wa mti pamoja na nyasi ndefu ngumu, kisha zinakanyagwa au kukandwa kwa mikono. Wageni hukunja uso wakiona nyasi na nyayo. Nyasi zinaleta msuguano unaopasua ndizi, na wakati huo huo zinashika nyama yake ili juisi itoke peke yake. Ukisaga ndizi hizo kwa mashine ya umeme unapata rojo usiloweza kuchuja. Nyayo zikioshwa na nyasi zikiwa safi hakuna cha kulalamikia. Cha kuangalia ni maji. Kipimo kinachotumika sana ni maji kipimo kimoja kwa vipimo vitatu vya juisi, na maji hayo yakitoka moja kwa moja ziwani au kwenye dimbwi hayajachemshwa, tena pombe yenyewe haichemshwi mahali popote. Kwenye pombe ya mtama uji walau umepikwa. Kwa hiyo swali la kwanza kwa rubisi ni la maji, la pili ndilo la ladha.

Kisha unatiwa mtama uliokaangwa na kusagwa chengachenga, kipimo kimoja kwa vipimo kumi na viwili vya juisi. Mtama ndio unaoleta rangi ya kahawia, harufu ya kukaanga na uchungu kidogo wa kukata utamu. Ukiwa umeungua, pombe yote inanuka majivu. Mtumbwi unafunikwa kwa majani ya mgomba, na baada ya saa 18 hadi 24 rubisi ni ya kunywa. Povu zuri ni dogodogo na linakaa. Usiulize kama ni kali, maana kila muuzaji atakujibu ndiyo. Msalimie, "Shikamoo mama," kisha uliza, "Hii imekamuliwa lini?" Ya jana asubuhi ni tamu na ina mapovu, ya juzi imekauka utamu na ndiyo wazee wanayoipenda, ya siku tatu inanuka siki, iache hata kama bei imeshuka.

Msafiri atakuta pia vijiji vya Muleba na jirani zake ambako rubisi imepungua, na sababu si dini wala ukosefu wa wanywaji. Mnyauko wa migomba ulithibitishwa Kagera mwaka 2006, na aina ya ndizi za pombe iitwayo kainja iliumia sana. Ua dume la kainja likipukutisha majani yake huacha vidonda vibichi, na nyuki na wadudu wengine wanaohama toka ua hadi ua wanapandikiza ugonjwa humo. Dawa ni kulivunja ua hilo kwa kijiti chenye panda mara ndizi za mwisho zinapotokeza, si kulikata kwa panga, kwa sababu panga lililogusa mgomba mgonjwa linabeba ugonjwa hadi mgomba mzima. Mpenzi wa rubisi anayejua hili ataangalia shamba kabla ya kuangalia kibuyu. Shamba lenye maua dume yanayoning'inia yote leo huenda lisiwe na pombe mwaka kesho.

Mkoa wa Mara, kuelekea Tarime na hadi Kisumu, utakutana na busaa. Unga wa mahindi hukandwa kwa maji na kuachwa uchachuke siku mbili tatu, kisha hukaangwa juu ya bati pana mpaka uwe chenga za kahawia. Chenga huchanganywa na maji na kimea cha ulezi, na baada ya siku mbili hadi nne huchujwa. Kukaanga kunaivisha wanga ili kimea kiuguse. Chenga zilizobaki nyeupe katikati ni wanga uliopotea na pombe dhaifu. Wanzuki, ya asali, nitaipita haraka: ya kweli ina harufu ya nta na maua, na nyingi inayouzwa kwa jina hilo mijini ni maji ya sukari.

Gongo haimo kwenye safari hii. Ni haramu kisheria hapa kwetu, na tatizo lake si ukali. Huwezi kujua kwa jicho wala kwa ulimi kama imeongezwa methanoli. Aliyekunywa methanoli anaweza kujisikia kama mlevi wa kawaida tu, kisha saa 12 hadi 24 baadaye macho yanaanza kuona ukungu. Huyo si wa kulazwa nyumbani apumzike, apelekwe hospitali mara moja.

Sasa kipimo cha kuonja, maana hapa ndipo nadhiri nyingi hufia siku ya kwanza. Pombe hizi mara nyingi huuzwa kwa lita, na kopo la lita moja la pombe ya asilimia 4 lina mililita 40 za kilevi. Bia moja ya nusu lita yenye asilimia 5 ina 25. Beba kikombe chako cha mililita 150, na umweleze muuzaji mapema kwamba unaonja lakini utalipia lita; hakuna atakayekuchukia. Vikombe vinne vya namna hiyo ni mililita 24, sawa na bia moja. Mwili wa mtu mzima unaondoa takriban mililita 10 kwa saa, hivyo vilabu vinne kwa mchana mmoja ni mwendo wa kawaida na vinane ni kuzidisha. Lita inayobaki wape wazee waliokaa jirani. Watakueleza zaidi ya muuzaji.

Njia zenyewe siku hizi ni nyepesi. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, foleni ya kivuko imekwisha, na mtu anatoka Mwanza kupitia Sengerema, Geita na Muleba hadi Bukoba kwa barabara. Asiyetaka basi apande MV Victoria, inayosafiri usiku kupitia Kemondo. Upande wa pili ni Magu, Bunda, Musoma na Tarime, kisha Sirari kuingia Kenya. Anayetaka kulizunguka ziwa zima apitie Mutukula kuingia Uganda na Busia kurudi Kenya, akiwa na kadi ya chanjo ya homa ya manjano, maana Uganda wanaidai. Kuendesha gari mwenyewe kati ya vilabu nisingependa hata kukutaja; mabasi madogo yapo barabara yote.

Na tafadhali, msibebe rubisi kwenye dumu lililofungwa kwenda kuwaonjesha wenzenu mjini. Hamira haijui kwamba imepakiwa ndani ya basi. Inaendelea kutoa gesi, dumu linavimba, kifuniko kinaruka, na abiria wa kiti cha mbele analowa. Ukilazimika, jaza robo tatu tu, acha kifuniko kimelegea, na utumie chombo kipya, kwa kuwa mikwaruzo ya ndani ya dumu la zamani inahifadhi bakteria wa siki ambao maji ya sabuni hayawafikii. Hata hivyo kitakachofika Mwanza si ulichoonja Muleba.

Ombi langu ni kwa halmashauri za kanda hii, ambazo ndizo zinazotoa leseni za vilabu. Wamarekani wana mhuri na kijitabu. Sisi kinachotufaa zaidi ni ubao. Kila kilabu chenye leseni kiwe na ubao mlangoni wenye mistari mitatu ya chaki: pombe ya nini, maji yametoka wapi, na siku na saa ilipochujwa au kukamuliwa. Hauna gharama, mnywaji wa kijijini unamlinda kuliko unavyomsaidia mtalii, na bwana afya akipita ana cha kukagua badala ya kunusa mapipa. Mama anayepika vizuri naye atapata haki yake, kwa sababu leo pombe yake ya jana na siki ya jirani ya siku nne zinauzwa kwa bei moja. Maafisa biashara wanaweza kuanza na vilabu vya kando ya barabara ya Mwanza kwenda Musoma, karibu na minada, ambako magari husimama hata sasa.

Wasalaam,

Msomaji wenu,
Kirumba, Mwanza